Mzoga Usiotambulika: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kumtaja Joka

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu, mvuvi au mfugaji wa Nyanda za Juu Kusini ambaye ameitwa kutazama mabaki ya mnyama yasiyotambuliwa na mtu yeyote, na ambaye akifika anakuta watu wamekwisha kuyapa jina: joka la Ziwa Ngozi, chunusi wa Ziwa Nyasa, zimwi, mumiani, au mtoto wa mbuzi na binadamu. Karibu kila mara mnyama huyo ni wa kawaida kabisa katika eneo lile. Kinachomfanya aonekane mgeni ni kitu kilichoondoka mwilini mwake, iwe ni manyoya, midomo, taya, mkonga, damu au nyama ya shingo. Kwa hiyo swali la kwanza haliwi "huyu ni kiumbe gani," bali "nini kimepungua hapa, na kilipungua kwa njia gani."

Kabla ya kugusa

Mnyama aliyekufa ghafla, akavimba upesi, mwili wake usikakamae, na damu nyeusi isiyoganda ikawa inatoka puani, mdomoni au njia ya haja kubwa, achukuliwe kuwa amekufa kwa kimeta mpaka daktari wa mifugo aseme vinginevyo. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi kwa sababu yoyote, kwa kuwa bakteria wa kimeta wakikutana na hewa hujigeuza kuwa spora zinazodumu udongoni kwa miaka mingi. Tahadhari hiyo inawahusu wanyamapori pia: mwaka 2004 viboko wengi walikufa kwa kimeta katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, na kiboko aliyevimba kando ya maji ndiye hasa mzoga unaowavuta watu kwa visu kabla hata hajajulikana ni nini.

Kijusi kilichotupwa na mbuzi, kondoo au ng'ombe hakishikwi kwa mikono mitupu, na sababu yake imeelezwa mbele. Mbwa, bweha au nyegere aliyekutwa amekufa bila jeraha asiguswe kichwani wala mdomoni, kwa hofu ya kichaa cha mbwa. Na iwapo kuna hata shaka ndogo kwamba mabaki ni ya binadamu, kazi yako inaishia hapo: watu warudi nyuma, kitu kisisogezwe, polisi waitwe.

Hana manyoya, ngozi ni ya kijivu, na ana mdomo wa ndege

Hii ndiyo dalili inayoongoza, hasa baada ya masika, mito kama Ruaha Mdogo, Kiwira na Songwe inapopungua na kuacha mizoga kwenye kingo. Chanzo cha kwanza cha kufikiria ni maji. Mwili ukikaa majini, tabaka la juu la ngozi huachana na lile la chini na kuondoka pamoja na manyoya yote yaliyoota juu yake. Ukiushika mguu wa mbwa aliyelowa siku kadhaa na kuuvuta kidogo, ngozi ya unyayo hutoka nzima pamoja na kucha, mithili ya soksi, na chini yake hubaki vidole vyeupe, laini na virefu kuliko ulivyotarajia. Wakati huohuo samaki, kaa na kenge huanza na sehemu laini: midomo, pua, masikio na macho. Pua ikiliwa, mfupa wa mbele wa taya ya juu hubaki wazi, na kama meno ya mbele yamekwisha kung'oka kwenye matundu yake, mfupa huo mtupu hutazamwa na watu wakaona mdomo wa ndege.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Julai 2008 katika ufukwe wa Montauk, jimbo la New York nchini Marekani, ambako mzoga usio na manyoya, wenye "mdomo" na vidole virefu, ulizua gumzo la wiki nzima. Wataalamu wa wanyama walioichunguza picha yake walitazama meno, umbo la fuvu na miguu, wakamtambua rakuni, mnyama wa kawaida sana kule Amerika, ambaye maji yalikuwa yamemvua koti lake. Kwetu rakuni hayupo. Wanaoshika nafasi yake ni mbwa, nguruwe, fungo, nyegere na fisi maji.

Uhakiki wake hauhitaji maabara. Kagua kati ya vidole, kwenye mikunjo ya kinena, ndani ya sikio na kwenye ncha ya mkia, kwa maana manyoya machache husalia huko, na rangi yake huondoa nusu ya ubishi. Kisha hesabu meno, ukihesabu pia matundu ya yale yaliyodondoka. Mbwa na bweha wana meno 42, yaani 20 juu na 22 chini. Fungo ana 40, fisi 34, nyegere 32, na jamii yote ya paka, kuanzia yule wa nyumbani mpaka chui, kwa kawaida ina 30. Nguruwe aliyekomaa ana 44. Mwenye fuvu mkononi na subira ya dakika kumi anapata jibu ambalo mkutano wa kijiji hautalipata kwa siku nzima.

Ikiwa mzoga umekutwa nchi kavu, haunuki sana, na ngozi yake haichomoki bali ni nene, imekunjamana na ina magaga, acha kufikiria maji. Chanzo kinachofaa kuchunguzwa ni upele unaoletwa na utitiri aina ya Sarcoptes scabiei. Vidudu hivi huchimba ndani ya ngozi, mnyama hujikuna mpaka manyoya yakaisha, hukonda, na mara nyingi husaliwa na mstari wa nywele mgongoni unaomzidishia utisho. Kiumbe aitwaye chupacabra, mnyonya damu ya mbuzi ambaye habari zake zilianzia Puerto Rico mwaka 1995, aliletewa "ushahidi" wa mizoga ya namna hii huko Texas. Ule wa Cuero, wa mwaka 2007, ulipopimwa vinasaba ulionyesha koyote, ndugu wa bweha wetu, mwenye ngozi iliyoharibika. Hapa Iringa au Mbeya usimtafute koyote. Mtafute mbwa koko. Na nawa mikono vizuri, kwa kuwa utitiri huo humpanda hata mtu.

Chanzo cha tatu ni ukavu. Kati ya Juni na Oktoba, upepo wa Iringa na Makambako hukausha mzoga mdogo kabla haujaoza, hasa ukiwa kwenye dari au kwenye pango la mwamba. Ngozi inapokauka husinyaa na kuivuta midomo nyuma, meno yote yakabaki nje, na mnyama aliyekufa usingizini akaonekana amekufa kwa hasira. Anayewachanganya watu zaidi ni pimbi. Majabali ya Iringa yamejaa pimbi, kila mtoto anawajua wakiwa hai, lakini ni wachache waliowahi kuwatazama kinywani: meno mawili ya mbele ya juu ni marefu, yamechongoka, na hayaachi kukua. Pimbi aliyekauka, ngozi imerudi nyuma na chonge hizo zimetokeza, anaweza kuitwa jini na watu wenye akili timamu kabisa. Hesabu vidole: vinne mbele, vitatu nyuma. Ndugu yake perere, anayekaa juu ya miti katika misitu ya milimani, ndiye mwenye ule ukelele wa usiku unaopanda hatua kwa hatua mpaka mtu anayelala jirani na msitu kwa mara ya kwanza akajifunika blanketi.

Shingo ndefu, kichwa kidogo, na mwili umeokotwa ziwani

Mwaka 1977, meli ya uvuvi ya Kijapani iitwayo Zuiyo-maru ilinasa karibu na New Zealand mzoga wa urefu wa takriban mita 10, wenye shingo ndefu na kichwa kidogo. Watu wengi walisema ni plesiosauri, mtambaazi wa baharini aliyetoweka zamani za dinosauria. Mabaharia waliutupa baharini wakihofia kuwa ungeharibu samaki wao, lakini mmoja wao alipiga picha na kuhifadhi nyuzi chache za pezi. Nyuzi hizo zilipopimwa zilifanana na za papa mkubwa wa bahari baridi anayekula viumbe vidogo vinavyoelea. Papa huyo akioza, taya na mashavu yake mazito hudondoka kwanza, kikabaki kifuvu kidogo kwenye ncha ya uti wa mgongo, na hapo ndipo "shingo" inapozaliwa.

Ziwa Nyasa ni la maji baridi na halina papa wala nyangumi, kwa hiyo yale mapande makubwa ya nyama nyeupe yanayotupwa kwenye pwani za bahari, kama lile la Chile la mwaka 2003 lililothibitika kuwa mabaki ya nyangumi, hayatuhusu huku. Kinachotuhusu ni kanuni ileile: kichwa kizito huachana na mwili mapema. Watuhumiwa wa Matema, Kyela na Ludewa ni kiboko, mamba, ng'ombe aliyechukuliwa na mafuriko, na kambare wa ziwa hili ambao baadhi yao huzidi mita moja. Kiboko hasa ndiye mwenye kudanganya. Hana manyoya ya kuanzia, gesi humwelesha tumbo juu na miguu hewani, ngozi yake hubambuka mapande kwa mapande ikaonyesha waridi chini yake, na akishaliwa na mamba usoni hakuna anayekumbuka kuwa alikuwa kiboko. Angalia miguu kwanza: kila mguu una vidole vinne vifupi, na vyote hukanyaga chini.

Pale ambapo nyama imekwisha na mifupa ingali imeshikana, hesabu pingili za shingo, yaani zile zilizo kati ya fuvu na ubavu wa kwanza. Karibu mamalia wote, twiga kwa panya, wana pingili saba tu. "Joka" lenye pingili saba za shingo ni mamalia, na mjadala umekwisha. Zikizidi saba, mfikirie mamba, na uthibitishe kwa kutafuta vigamba vya mfupa vya mgongoni, ambavyo hubaki hata ngozi ikioza.

Joto nalo lihesabiwe. Kyela, iliyo takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, humaliza mzoga kwa siku chache, ilhali kwenye uwanda wa Kitulo au kwenye maji ya Ziwa Ngozi, juu ya mita 2,000, mwili huweza kudumu muda mrefu ukiwa na sura nusu. Katika baridi na unyevu usio na hewa, mafuta ya mwilini hugeuka kitu cheupe, kigumu kiasi, cha kushikika kama nta, na mwili uliofikia hali hiyo hauonekani kuwa wa mnyama yeyote aliyewahi kutembea. Mwenyeji wa Kyela aliyezoea uozo wa haraka asiutumie uzoefu huo kukadiria umri wa mzoga wa Makete.

Fuvu lenye jicho moja katikati ya paji

Ni tembo. Tundu kubwa lililo katikati si la jicho bali ni la pua, mahali mkonga ulipoungana na fuvu, na macho yenyewe yalikaa pembeni, kwenye vishimo vidogo ambavyo havina hata ukingo uliokamilika wa mfupa. Mkonga hauna mfupa wowote, kwa hiyo hauachi alama nyingine. Ukitaka kuhakikisha, tazama magego: tembo hutafuna kwa gego moja au mawili makubwa kila upande wa taya, yenye matuta yaliyolala kwa kukingama. Mwenye kuishi vijiji vya jirani na Hifadhi ya Ruaha anaweza kulikuta fuvu la namna hii mtoni baada ya mafuriko. Asilipeleke nyumbani: chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 mabaki ya wanyamapori ni nyara za serikali, na kuwa nayo bila kibali ni kosa hata kama uliyaokota.

Mifupa ya joka

Kama ni mlolongo wa pingili ndogo zinazofanana, nyingi mno kuhesabika upesi, kila moja ikiwa na jozi ya mbavu nyembamba na hakuna mfupa wa bega wala wa nyonga wenye kueleweka, hilo ni joka kwa maana ya kawaida ya neno, yaani chatu. Fuvu lake, likipatikana, lina meno yaliyopinda kuelekea kooni, safu nne juu na mbili chini. Mbavu za ng'ombe zilizopangwa na mkondo wa maji huiga sura hii kwa mbali, lakini mbavu hizo ni bapa na pana, na pingili zake zina miiba mirefu ya mgongoni.

Ikiwa mfupa ni mzito kupita kiasi, umeganda ndani ya mwamba, na ukigongwa unalia jiwe, basi umekutana na jambo lenye thamani zaidi kuliko joka lolote. Nyanda hizi zina mifupa ya kale iliyogeuka mawe. Katika miamba ya Songwe, kwenye bonde la Rukwa, wanasayansi wametaja dinosauria wakubwa wala majani, Rukwatitan bisepultus mwaka 2014 na Shingopana songwensis mwaka 2017. Upande wa bonde la Ruhuhu, kuelekea Songea, kulitoka Nyasasaurus parringtoni, ambaye mifupa yake ilichimbwa miaka ya 1930 ikakaa makumbushoni mpaka ilipopewa jina mwaka 2013, na ambaye huenda ni miongoni mwa dinosauria wa awali kabisa duniani. Isimila, kilomita chache kutoka mjini Iringa kwa barabara ya Mbeya, kulipatikana pamoja na zana za mawe mifupa ya kiboko wa kale ambaye macho yake yalitokeza juu zaidi kuliko ya huyu wa leo. Mfupa wa mawe usichimbwe kwa jembe. Mahali pake ndani ya mwamba ndipo palipo nusu ya habari yake, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaulinda. Piga picha, weka alama, mwarifu afisa utamaduni wa wilaya.

Mtoto wa mbuzi mwenye uso wa mtu

Hapa pana haja ya kwenda polepole, kwa sababu makosa ya utambuzi huumiza watu. Kijusi kinazaliwa kimekufa, hakina manyoya, kichwa kimevimba na kuwa mviringo, uso ni bapa, pua haionekani, macho yamesogeleana au limekuwa moja, na vidole laini vinaonekana mwishoni mwa miguu. Kabla jua halijatua, kijana aliyekuwa akichunga ameanza kutazamwa vibaya, au bibi fulani wa jirani ametajwa.

Chukua kila dalili peke yake. Manyoya hayapo kwa kuwa huota mwishoni mwa mimba, ambayo kwa mbuzi ni takriban siku 150, na kijusi hiki kimetoka kabla ya wakati. Kichwa ni mviringo kwa sababu maji yamejaa kwenye ubongo na kulisukuma fuvu changa. Uso ni bapa kwa sababu pua na taya za mbuzi hurefuka kadiri mimba inavyokua, na ukuaji huo umekatizwa. Jicho moja hutokea pale sehemu ya mbele ya ubongo inaposhindwa kugawanyika pande mbili mwanzoni kabisa mwa mimba. Huko Idaho, Marekani, wafugaji waliwahi kupata wanakondoo wengi wa jicho moja, na uchunguzi wa miaka mingi ulionyesha kuwa kondoo walikuwa wamekula jani moja la mlimani, Veratrum californicum, karibu na siku ya 14 ya mimba. Mmea huo si wa kwetu, lakini jambo lililothibitishwa linatuhusu: kilichoharibu uso kilikuwa chakula cha mama.

Vile "vidole" ndivyo huwashinda watu wengi kuvitolea maelezo, nami naona ndiyo dalili rahisi kuliko zote. Kwato za mbuzi, kondoo na ndama aliye tumboni hufunikwa na nyama laini nyeupe au ya manjano, iliyochanika ncha ncha, ili zisichane tumbo la mama. Nyama hiyo hukauka na kuchakaa muda mfupi baada ya mtoto kusimama na kutembea, hivyo asiyekesha zizini hana nafasi ya kuiona. Ibonyeze kwa kijiti na utaikuta kwato iliyopasuka mbili ikiwa ndani yake. Kisha fungua mdomo kwa kijiti hichohicho: mbele, juu, hakuna vishimo vya meno, bali ufizi mgumu, kama ilivyo kwa wanyama wote wanaocheua. Mbuzi ana kromosomu 60, mtu ana 46, na viumbe hawa wametengana kiukoo kwa umbali ambao haiwezekani wakapata mimba pamoja kwa njia yoyote ile.

Sababu ya kutogusa ni hii. Mimba zinapotoka kwa wingi katika kundi moja, hasa baada ya mvua kubwa na mbu wengi, ugonjwa wa kuushuku kwanza ni Homa ya Bonde la Ufa, ambayo humwingia mtu kupitia damu na majimaji ya kijusi. Mlipuko wa mwaka 2006 hadi 2007 uliua watu nchini Tanzania, na mkoa wa Iringa ulikuwa miongoni mwa iliyofikiwa. Mwaka 2017 huko Lady Frere, Afrika Kusini, mwanakondoo mfu aliyefanana na mtu alizua hofu kubwa, na madaktari wa mifugo wa jimbo walieleza kuwa kondoo mama alikuwa ameambukizwa homa hiyo mapema katika mimba. Ugonjwa wa kutupa mimba nao huambukiza kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo vaa glavu, au funga mifuko ya nailoni mikononi kama glavu hazipo, mwite afisa mifugo wa kata, na omba sampuli ipelekwe kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kilichopo Iringa. Wanaotaka kukichoma moto kijusi wangoje sampuli ichukuliwe kwanza.

Mkono wa mtoto

Mkono mdogo mkavu uliookotwa msituni au chini ya mnazi wa bondeni huwa ni wa komba, ngedere, kima au nyani. Komba ana mikono ya kutisha kwa kufanana: vidole vyembamba, vifundo vya mviringo nchani, kucha bapa. Mguu wake ndio unaomfichua, maana kidole cha pili cha mguu kina ukucha uliosimama, wa kujichania. Kwa mkono wa nyani mkubwa, na hasa kwa mifupa mitupu, usiamue mwenyewe. Nyani ana meno 32 sawasawa na mtu, na mifupa ya viganja hutofautishwa na mtaalamu. Rudi kwenye ile kanuni ya polisi.

Damu imenyonywa na viungo vimekatwa

Macho, ulimi, chuchu na sehemu ya haja kubwa havipo, mipaka ya jeraha ni safi, na aliyechana upande wa juu hakuona damu. Maelezo yake yako katika mpangilio wa kawaida wa wala mizoga: kunguru, tai, bweha na mabuu ya inzi huingia pale ngozi ilipo nyembamba au iliyo wazi, na kingo za ngozi iliyokauka hunyooka zikaonekana zimepitiwa na kisu. Damu nayo haikuibwa. Moyo ukisimama, damu huteremka upande ulio chini, kwa hiyo mgeuze mnyama uone ubavu aliolalia ukiwa wa zambarau.

Kuna kisa cha wilaya ya Njombe kinachofaa kukumbukwa hapa, ingawa wahusika walikuwa hai na madhara yalikuwa ya kweli. Kuanzia miaka ya 1930 mpaka 1947 simba waliua watu wengi sana huko, na idadi inayotajwa mara nyingi ni 1,500. Wenyeji waliamini kuwa ni simba wa kutumwa, walio chini ya amri ya mganga. George Rushby, afisa wanyamapori wa serikali ya kikoloni, na askari wake waliwaua simba 15, na mizoga ilipolazwa chini ilikuwa ya simba wa kawaida. Maelezo yaliyotolewa baadaye yalihusu kilichokuwa kimepungua porini: wanyama wa kuwindwa walikuwa wamepigwa risasi kwa wingi ili kuzuia sotoka, tauni ya ng'ombe na wanyamapori, isienee kuelekea kusini.

Ana magamba, hana meno

Kakakuona. Wapo wanaomchukulia kuwa mleta habari za mvua au njaa, na hilo ni la mila zao, lakini magamba yake hayauzwi wala hayahifadhiwi nyumbani. Mwenye masikio ya punda, pua ya nguruwe na kucha za kuchimbia, asiye na meno ya mbele, ni mhanga. Wote wawili hutembea usiku, ndiyo maana hata wazee wa kijiji wanaweza wasiwatambue.

Hakuna mzoga, kuna picha ya simu tu

Uliza nani aliupiga picha, wapi, lini. Asipopatikana mtu wa kwanza, picha iachwe. Nyingi ya zile za "kiumbe nusu mtu" zinazozunguka kwenye simu kila mwaka zikibadilishwa jina la kijiji ni za sanamu za silikoni zilizotengenezwa na wasanii, na sasa zimeongezeka zile zinazoundwa na kompyuta kuanzia mwanzo.

Umepita dalili zote na hakuna inayolingana

Hutokea, na imetokea hapahapa Rungwe. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja nyani wa msituni aitwaye kipunji, na watafiti hawakuwa na hakika kama ni mnyama wa kweli au wa hadithi, hadi alipoonekana mwaka 2003 katika misitu ya Rungwe na Livingstone. Alitangazwa mwaka 2005 kwa picha tu, akawekwa kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, iliyokwishajulikana. Kilichobadilisha uamuzi huo ni mzoga: kipunji dume aliyekutwa amekufa katika mtego wa mkulima, shambani kwenye mahindi. Fuvu na vinasaba vyake vilionyesha kuwa yuko karibu zaidi na nyani wa kawaida, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, ya kwanza mpya kwa nyani wa Afrika tangu mwaka 1923. Mzoga ule ungechomwa moto, au ungelishwa mbwa kama mizoga mingi ya mitegoni, suala lingebaki kwenye picha.

Kwa hiyo mnyama asiyelingana na chochote apigwe picha akiwa na kalamu au kiberiti kando yake cha kuonyeshea ukubwa: ubavu mzima, kichwa kwa upande, meno ya juu, meno ya chini, unyayo wa mbele, unyayo wa nyuma. Andika mahali, tarehe, na hali ya hewa ya siku zilizotangulia. Manyoya yawekwe kwenye bahasha ya kaki, si mfuko wa nailoni, maana unyevu huyaozesha. Kipande cha nyama cha ukubwa wa punje ya harage, kikichukuliwa na afisa mifugo au afisa wanyamapori wa wilaya, kikae kwenye spiriti kali ya maabara. Pombe ya kunywa haitoshi, na formalini huharibu vinasaba. Mzoga wenyewe ufunikwe kwa matawi ya miiba na mawe ili mbwa na fisi wasiufikie usiku, na mtu mmoja apewe jukumu la kuulinda mpaka afisa huyo afike.